Bila Kukubali Dhima

Nitaanza na kiti, kwa sababu kiti kinamweleza mtu huyu kuliko ninavyoweza mimi.

Kilikuwa kiti cha mbao cha wageni, ndani ya ofisi yake iliyopakana na duka langu la kupiga chapa na kutoa kopi, hapa Isiolo mjini, nyuma ya soko. Mguu wake mmoja ulikuwa umelegea. Fundi seremala alikuwa ng'ambo ya barabara, na msumari mmoja ungemaliza kazi. Wakili hakumwita fundi. Alikuja kwangu nimpigie chapa karatasi ya Kiingereza, herufi kubwa, kwamba anayekalia kiti hiki anakikalia kwa hatari yake mwenyewe. Akaibandika kwenye egemeo kwa gundi, akarudi nyuma hatua chache kuitazama, na nikaona uso wake umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi nzuri.

Siku moja akaja mzee wa kutoka Kipsing, na kesi ya visima. Mzee huyo hakujua kusoma lugha yoyote. Alikaa, akaanguka chali na fimbo yake. Wakili hakunyanyuka. Alinyoosha kidole kuielekea karatasi. Mzee akajipangusa vumbi taratibu, akaitazama, kisha akauliza, "Sasa hii karatasi ilikuwa inangoja nini kuniambia?"

Kwa miaka mingi Wakili alikuwa akisimulia kisa hicho kama ushindi. Alisema mzee alipewa onyo la kutosha, na kwamba kutojua kusoma si kosa la mwenye kiti. Watu walicheka, na yeye alidhani wanacheka naye.

Sote tulimwita Wakili tu, ingawa mji huu una mawakili wengine. Jina lake liko kwenye kibao cha mlangoni na kwenye majalada ya mahakama. Hapa sitaliandika, maana angenishtaki kwa kashfa, na mbaya zaidi, angefurahia. Alikozaliwa sijui, na sikuwahi kuuliza. Mtu akikaa jirani yako ukutani kwa ukuta kwa miaka yote hiyo, unajua mambo mengine kumhusu, na mengi ungependa usiyajue.

Kazi yake ilikuwa watu walioumia na watu walioumiza. Katika barabara hii ya kwenda kaskazini kazi hiyo haiishi. Malori yanagonga ngamia, pikipiki zinagongana na pikipiki, ukuta wa jirani unaangukia jiko la jirani, mbwa wa mtu anamng'ata mtoto wa mtu. Wengine waliona msiba. Wakili aliona swali. Angeingia dukani kwangu na kikombe chake cha chai, aegemee mashine ya kopi ambayo nilishamwambia mara kadhaa asiiegemee, kisha aanze. Je, aliyeumiza alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu? Aliuvunja? Kuna aliyedhurika? Na dhara hilo lilitokana na kosa hilo, ama lingetokea tu? Aliyahesabu haya kwa vidole vya mkono wa kushoto, na kidole kimoja kikikosa jibu aliifunga ngumi yote na kusema hakuna kesi.

Sitamnyima haki yake. Alijua kazi. Vijana waliokuwa wakisomea uwakili walipita mikononi mwake, wakafunzwa naye jinsi ya kuuliza maswali na jinsi ya kumnyamazisha mteja anayezungumza kupita kiasi. Mmoja wao sasa ana ofisi yake juu ya steji ya pikipiki, na anatembea kama yeye, mikono nyuma. Na kuna mara moja nilimwona Wakili akifanya jambo ambalo hata leo silielewi. Mwanamume mmoja aliyekuwa akibeba maji kwa punda na kuyauza alimpoteza punda wake katika shimo ambalo mkandarasi alilichimba na kuliacha wazi. Wakili aliichukua kesi hiyo bila malipo. Alikwenda mwenyewe na futi, akalipima shimo saa sita mchana, jasho likimtiririka hadi kwenye tai. Akapata fidia ya punda, na juu yake akapata amri kwamba shimo lizibwe, kwa sababu, alisema, kulipia punda wa leo na kumwachia shimo punda wa kesho ni upuuzi. Nilikaribia kumpenda. Kisha yule muuza maji akaja na jogoo kumshukuru, na Wakili akamtaka kwanza aweke kidole gumba kwenye karatasi inayosema jogoo huyo si malipo na hathibitishi lolote. Muuza maji akaondoka na jogoo wake, uso umemshuka.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali yake. Alipanga mashimo ya wengine yazibwe, lakini kiti chake mwenyewe alikiwekea karatasi. Kwenye lango la nyumba yake kulikuwa na kibao cha kuonya juu ya mbwa mkali, na mbwa hakuwahi kuwako. Alisema kibao ni bei nafuu kuliko mbwa na kina nguvu sawa mbele ya hakimu. Kanisani, pale waumini wanapojipiga kifua na kukiri kwamba wamekosa, yeye alikunja mikono na kutazama dari mpaka sehemu hiyo ipite. Kwenye mazishi ya bibi mmoja wa mtaa wetu, bibi aliyekufa kwa uzee kitandani mwake akiwa amezungukwa na wajukuu, Wakili alisimama na mchango wake mkononi, akasafisha koo, akasema mbele ya jeneza, "Natoa hiki kwa moyo mwema, bila kukubali dhima." Padri alikohoa. Wanawake walijifunika midomo kwa leso. Nadhani hata yeye hakujua tena kwamba anayasema maneno hayo ya barua za mawakili, ya kukana kwamba kosa ni lako. Yalikuwa yamemwingia mdomoni yakakaa.

Ningemcheka hivyo hivyo mpaka leo kama si habari ya mama yangu.

Mama anaishi Ngaremara, kandokando ya barabara, na miaka hiyo alikuwa akiuza makaa. Alikuwa ameketi nyuma ya magunia yake pale ambapo wauza makaa wote hukaa, yaani pale ambapo gari linaweza kusimama. Pikapu ya miraa ikaja kwa mbio zake, mbuzi akaingia barabarani, dereva akamkwepa, na pikapu ikapita juu ya magunia ikamkuta Mama. Ilimvunja nyonga. Mbuzi hakuguswa.

Nilipofika hospitalini alikuwa macho. Aliuliza kwanza habari za mbuzi, akafurahi. Kisha akasema, na maneno yake nayakumbuka, "Mimi sijakasirikia huyo kijana. Alikwepa mbuzi, hata mimi ningekwepa. Lakini tajiri wake ako wapi?"

Kwa mgeni labda nieleze. Kwetu, ukimuumiza mtu bila kukusudia, unakwenda. Hungojei uitwe. Unabeba sukari na majani ya chai, unaingia mahali alipolala, unakaa, unatazama ulichomfanya, unakunywa kitu mbele yake. Hapo hakuna anayetaja malipo. Malipo yatazungumzwa siku nyingine na watu wazima, na huwa hayachukui muda, kwa sababu mnaozungumza mmeshaonana usoni. Lakini anayezungumzia malipo kabla ya kuja, huyo amekutukana. Amekuambia kwamba wewe ni kitu kilichovunjika na yeye anauliza bei. Mama hakutaka kingine. Alitaka mwenye gari aje aketi.

Na mwenye gari alitaka kuja. Alikuwa mfanyabiashara mnene wa kutoka milimani, mtu mpole kwa kweli, na alikwisha kununua mfuko wa sukari, majani na blanketi. Najua kwa sababu kabla ya kwenda hospitalini alipita kwa Wakili wake, na Wakili wake alikuwa ndiye huyu jirani yangu, na ukuta kati yetu ni wa mbao nyembamba. Nilikuwa nimeshika stepla mkononi. Nilisikia kila kitu.

Yule bwana alisema, "Huyo ni mama wa watu, Wakili. Wacha niende tu nimwone, nimwambie pole, nirudi."

"Ukienda umekubali," Wakili akamjibu. "Siku ya kesi utaulizwa: kama huna makosa, ulibeba sukari ya nini?"

Wakabishana kidogo. Yule bwana alisema kwao milimani pia mtu huenda. Wakili akamwambia kwamba kwao si mahakamani. Nilimsikia akivuta kiti, si kile kibovu, na kumweleza pole pole kana kwamba anamfundisha mtoto, kwamba huruma ni ushahidi. Yule bwana akatoka mikono mitupu, akapita mbele ya duka langu akiangalia chini. Hakujua mimi ni nani. Wakili alijua.

Mfuko wa sukari ulibaki ofisini mwake, juu ya kabati la majalada. Ulikaa pale wiki nyingi. Nikienda kupeleka kopi niliuona. Kisha karani wake akaanza kuutumia kwa chai ya ofisi, na asubuhi moja ya mvua Wakili akanitumia kikombe kwa ujirani mwema. Nilikimwaga mtaroni mlangoni pake, polepole, ili aone. Aliona. Alisema barabara itateleza na mtu anaweza kuanguka.

Tulimshtaki yule bwana, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine iliyobaki. Wakili alimtetea, na hapo ndipo nilipomjua barabara. Alisema dereva alikuwa amepitia kwa mkewe bila ruhusa, akachelewa, ndiyo maana alikimbiza gari, kwa hiyo safari ile ilikuwa yake mwenyewe na mwajiri hahusiki. Alisema Mama alijua kwamba hapo magari hupita na bado akakaa, kwa hiyo aliikubali hatari. Alisema, kama hiyo haitoshi, basi alichangia madhara yake kwa kukaa karibu mno na barabara. Najua aliyasema kwa maandishi kabla ya kuyasema kwa mdomo, kwa sababu alikuja kutolea kopi dukani kwangu. Aliniwekea juu ya mashine karatasi zinazosema kwamba mama yangu mwenyewe ndiye mzembe, akaomba nakala za kutosha pande zote, na akaniambia nisisahau kuzibana pembeni.

Nilimuuliza kama haoni haya.

"Kwa nini nione haya?" akasema. "Mimi sina ugomvi na mama yako. Mimi nina hoja."

Na aliamini hivyo. Hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko uovu wenyewe, kwamba hapakuwa na uovu. Jioni hiyo hiyo alinisaidia kufunga mlango wa duka uliokuwa umekwama, akaniuliza Mama anaendeleaje, akasikitika kusikia kwamba bado hatembei. Alimsikitikia kwa dhati, dukani kwangu, mahali ambapo hakuna hakimu aliyemsikia. Mtu anayeficha huruma yake kama mwizi anavyoficha kuku sijui nimwiteje.

Hakimu hakuikubali habari ya dereva na mkewe. Alisema pikapu ilikuwa ya kazi na miraa ilikuwa ya tajiri. Ile ya kukaa karibu na barabara aliikubali nusu nusu, akapunguza fidia kidogo kwa sababu yake, na Wakili akatoka mahakamani akitembea kama mshindi. Bima ikalipa. Mama akanunua mbuzi. Mawakili wawili wakapeana mikono kwenye ngazi za mahakama, wakasema haki imetendeka, na kwa jinsi wanavyoipima wao labda ilitendeka, kwamba aliyeumia arudishwe alipokuwa kabla ya kuumia, kwa kadiri pesa inavyoweza.

Nilimpelekea Mama habari. Aliuliza yule mtu amesemaje. Nikamwambia kwamba hakusema kitu, hakuwepo, pesa imepitia benki.

"Kwa hivyo ilikuja peke yake," akasema.

Aliendelea kungoja. Angekaa mlangoni na fimbo yake, na pikapu ile ikipita kwenda kaskazini aliinua mkono. Nilimwambia aache, nikamwambia kesi imekwisha. Alisema kesi ni yangu na ya Wakili, yeye hakuwa na kesi. Ikaendelea hivyo mpaka tukasikia kwamba yule mfanyabiashara ameugua na kufariki huko kwao. Mama aliilaza fimbo yake chini. Kisha akasema tu, "Basi hatakuja," na tangu siku hiyo hakuinua mkono tena.

Ndiyo sababu mwaka huu, Wakili alipogongwa na pikipiki akivuka kutoka mahakamani, akavunjika mguu, mimi nilifurahi. Nasema wazi. Nilikwenda mlangoni kwangu kuangalia ofisi yake iliyofungwa na nikajisikia vizuri. Niliwaambia wateja. Nilipompelekea Mama habari hiyo Jumapili, nilimpelekea kama zawadi.

Aliniuliza kama nimekwenda kumwona. Nikasema sijaenda na sitaenda.

"Huyo ni jirani yako."

"Mama, huyo ndiye alimzuia yule mtu kuja kwako."

"Najua," akasema. "Nunua sukari."

Hakutaka niende peke yangu. Nilikuja naye mjini, tukanunua sukari na majani, tukaenda polepole kwa mwendo wa nyonga yake mpaka kwenye lango la Wakili. Aliniuliza kile kibao kinasema nini. Nikamsomea kwamba kuna mbwa mkali. Akasikiliza kidogo, hakusikia mbwa, akalisukuma lango.

Tulimkuta sebuleni, mguu wenye plasta umewekwa juu ya stuli, ndevu hazijanyolewa, majalada yamemzunguka. Alikuwa amehamishia ofisi nyumbani, na vitu vyake vyote. Aliponiona alijiweka sawa. Alipomwona Mama nyuma yangu, na fimbo, na vile anavyotembea, alifanya kama anayetaka kusimama, plasta ikamkataza. Hakuwa amewahi kumwona akitembea. Mahakamani Mama aliletwa kwa kiti cha magurudumu, na Wakili alikuwa akitazama karatasi zake.

Mama alikuwa karibu kukaa. Kiti kilichokuwa karibu naye kilikuwa na karatasi kwenye egemeo, imegeuka rangi kwa uzee.

"Mama, si hicho," Wakili akasema haraka. "Mguu wake umelegea."

Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimwambia mtu kwa mdomo. Lakini sikuguswa sana. Muda wote huo angekuwa amekwisha kukitengeneza.

Mama akaketi kwingine. Akampa mke wa Wakili ile sukari, akasema pole, na Wakili akafungua kinywa. Nilingoja yale maneno yake, nikajiandaa kabisa kucheka. Alisema asante. Chai ikaja. Kwa muda tukazungumzia mvua na bei ya mbuzi sokoni, na mimi nikawa natazama saa ya ukutani, maana nilikuwa nimetimiza nilichotumwa.

Kisha akanigeukia. Akaniuliza kama pale stejini huwa namwona yule mwenye pikipiki, mtu mzima mwenye familia, si mgumu kumtambua. Nikasema namwona kila siku. Akauliza kama yuko mzima. Nikasema mzima.

"Hajafika hapa hata mara moja," Wakili akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayelalamika, si ya mtu anayejenga hoja. "Bima italipa, hiyo si shida, karatasi ziko tayari. Lakini mtu anaweza kukuvunja mguu halafu asije hata kukutazama? Mimi nalala hapa naangalia huo mlango."

Nilikuwa na majibu mengi na sikujua nianze na lipi. Mama alikuwa akikoroga chai yake. Aliinua macho, akamuuliza kama anavyouliza mtu kitu ambacho hakijui na angependa kukijua.

"Kwani na yeye ako na wakili?"

Wakili alivitazama vidole vyake vya mguu vilivyochomoza kwenye plasta. Alivitazama sana.

"Ako naye," akasema. "Ni yule kijana wa juu ya steji. Mimi ndiye nilimfundisha kazi."

"Basi hatakuja," Mama akasema.

Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama, kofia mkononi. Mama akampa mke wa Wakili kikombe kitupu, akaomba kingine.